Mteja wa Kwanza wa Chumba Namba Tisa

Saa moja kasorobo asubuhi, Gertrude Awino anashuka kwenye basi lake la pili pale Kingstanding, kaskazini mwa jiji la Birmingham. Viatu vya kazi viko kwenye mfuko wa plastiki. Mvua inanyesha ile ya hapa, isiyo na kelele, na yeye hata kofia hajavaa.

Saa moja kamili amesimama kwenye mlango wa chumba namba tisa, katika nyumba ya kutunzia wazee anakofanya kazi. Amenawa mikono, amefunga aproni. Mlango uko wazi. Lakini haingii.

Ndani, bibi wa miaka 87 ameketi kitandani, nywele zimechanwa na kubanwa nyuma. Kwenye meza ndogo ya kitanda amepanga vitambaa vya kufutia mdomo, kumi na kimoja, vya samawati upande mmoja na vyeupe upande wa pili. Amevikunja hadi ncha zimekutana sawasawa.

Gertrude anakohoa kidogo, kama mtu anayefika kwenye kibanda cha watu. Bibi anainua macho. Sasa ndipo Gertrude anaingia, anachukua kitambaa kimoja cha samawati, anakisugua kati ya vidole viwili, anakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

Bibi anaonyesha vidole vitano.

"Tano?" Gertrude anajishika kichwa. "Woi! Bà, unataka kuniua asubuhi hii?"

Bibi anajibu kwa Kivietinamu, maneno mengi, anapiga kitambaa kwa kiganja kuonyesha kilivyo kizito. Gertrude anaonyesha kidole kimoja. Bibi anatazama dari kama mtu aliyetukanwa. Vidole vitatu. Kimoja. Viwili. Kimoja. Mwisho bibi anatikisa kichwa, anacheka bila sauti, ananyoosha mkono.

Gertrude anamwekea sarafu ya peni kumi. Bibi anaigusisha kwenye paji la uso, anaisukuma chini ya vitambaa, kisha anavuta trei ya uji karibu na kuanza kula.

"Ameuza," anasema Gertrude taratibu. "Mtu akishauza, anaweza kula."

Anamtazama mpaka kijiko cha nne. Halafu anakwenda chumba namba kumi.

Bibi huyo anaitwa Thoa. Wahudumu wote humwita Bà, neno la kwao la kumwitia nyanya, walilofundishwa na binti yake, Lan. Alizaliwa Hanoi, mji mkuu wa Vietnam, mwaka 1938. Aliondoka huko mwaka 1979 pamoja na Lan aliyekuwa na miaka 12, wakakaa kambini Hong Kong karibu miaka miwili, na mwaka 1981 wakaletwa Birmingham. Alishona nguo kwenye kiwanda kidogo cha Handsworth, jijini humo, kwa miaka 23.

Desemba iliyopita alianguka ngazini nyumbani kwake, akaletwa hapa. Kumbukumbu zake zilikuwa zimeshaanza kumtoka. Kiingereza kilikwenda kwanza.

Gertrude naye ana miaka 38. Alizaliwa Kisumu, mama yake akiuza nguo za mitumba za watoto katika soko la Kibuye. Alikuja Uingereza mwaka 2022 kwa kibali cha kazi ya kutunza wazee. Mwajiri wake wa kwanza, katika mji mwingine, alimwahidi saa 39 kwa wiki akampa 16, na kwa miezi saba alilala chumba kimoja na wanawake watatu.

Leo anaishi Handsworth, orofa ya juu ya nyumba ya matofali mekundu karibu na Soho Road, pamoja na mume wake Otieno na binti yao Fiona, mwenye miaka 14. Analipwa pauni 12 na peni kidogo kwa saa. Pauni 80 kila mwezi zinakwenda Kisumu kwa mama.

"Maisha si mabaya," anasema. "Kodi inauma, baridi inauma, lakini nimezoea kuumwa na hizo mbili."

Kilichomuuma kweli, anasema, ni mistari mitatu aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe mwezi Januari.

Wakati huo Bà Thoa alikuwa hataki kula. Kila asubuhi mhudumu aliingia na trei, akakuta vitambaa vimejaa mezani. Kazi ni nyingi, wazee ni 31, wahudumu wa zamu ni watano. Basi mhudumu alivikusanya vitambaa mara moja, akavitupa kwenye kikapu, akaweka trei mahali pake. Bà aliisukuma trei.

Kisha alifanya jambo lililowatia watu hofu. Alirarua gazeti, akasokota karatasi kama utambi, akajifanya anawasha kiberiti. Aliizungusha ile karatasi juu ya meza, pembeni mwa kitanda, halafu akaielekeza mlangoni kumfuata mhudumu, huku akinong'ona.

Gertrude aliliona mara mbili. Mara ya tatu akaandika kwenye faili: mkazi anatishia kuwasha moto, anaelekeza moto kwa wafanyakazi, asiachwe karibu na kiberiti.

"Niliandika kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa. Unachokiona, unaandika," anasema. "Lakini nilichokiona, sikukijua."

Mwezi Februari uzito wa Bà Thoa ulishuka kutoka kilo 47 hadi 39. Kikafanyika kikao. Maofisa wa ustawi wa jamii walisema mambo mawili yanawatisha: kutokula, na moto. Wakatoa wiki nne. Uzito ukibaki chini ya kilo 40, au akionekana bado ni hatari, angehamishiwa nyumba ya wagonjwa wanaohitaji uangalizi mkubwa zaidi katika mji mwingine, mwendo wa saa mbili na nusu kwa basi.

Lan ana miaka 58. Anapika chakula cha watoto katika shule ya msingi eneo la Hodge Hill, na alikuwa akija kumwona mama yake kila siku saa kumi jioni. Alipoambiwa habari za kuhama, hakulia. Aliuliza tu kama siku za Jumapili mabasi ya kwenda huko yapo.

"Swali hilo halikunitoka kichwani," anasema Gertrude. "Kwa sababu moto ule niliuwasha mimi, kwenye faili."

Siku iliyobadilisha mambo ilianza vibaya. Gertrude alikuwa na haraka. Aliingia chumba namba tisa, akachukua kitambaa kimoja, akakisugua kuona kama ni kichafu. Hakikuwa kichafu. Akakirudisha, akageuka kwenda kuchukua trei.

Nyuma yake akasikia gazeti likiraruliwa.

Alisimama kwenye korido. Anasema kilichomshtua hakikuwa ile karatasi. Ni uso wa bibi. Aliwahi kuuona uso huo mahali, utotoni.

Wakati wa mapumziko alimpigia mama yake Kisumu. Mama alikuwa kibandani, makelele ya Kibuye yakisikika kwenye simu. Gertrude akamweleza: kuna bibi, anapanga vitambaa asubuhi, nimeshika kimoja, nimekirudisha, amekasirika.

Mama akauliza:

"Ulikuwa wa kwanza kufika?"

"Ndiyo, Mama."

"Ukashika nguo ya mtu, asubuhi, wa kwanza, ukaisugua, ukairudisha, ukaenda zako?"

"Mama, mimi nilikuwa..."

"Gertrude. Mimi ndiye niliyekulea?"

Gertrude anacheka sana akisimulia hapa, mpaka anafuta macho kwa ukingo wa aproni. Maana ilimrudia yote. Kibuye, mteja wa kwanza ndiye anayefungua biashara. Mchuuzi humbembeleza, humpunguzia bei, "nifungulie, mama, nifungulie." Akishika mali, akapatana bei, kisha akaondoka mikono mitupu, siku imefungwa. Mama yake alikuwa na kikombe cha maji chini ya meza kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Wakiondoka tu, anamwaga maji palepale waliposimama, kuuosha mkosi.

"Yule bibi hakuwa anataka kuchoma nyumba," anasema. "Alikuwa ananifagia mimi."

Jioni alimngoja Lan nje ya lango, zamu yake ikiwa imekwisha. Alipomweleza, Lan aliweka mfuko chini. Hakuwahi kuviona vitambaa mezani wala karatasi ikisokotwa, alisema, kwa sababu alifika saa kumi, na saa hizo duka lilikuwa limefungwa zamani.

"Duka gani?" Gertrude aliuliza.

Ndivyo Gertrude alivyoanza kuujua mji ambao hajawahi kuukanyaga.

Familia ya Bà Thoa ilikuwa na duka katika mtaa unaoitwa Hàng Đào, mtaa wa hariri. Katika Hanoi ya zamani kila mtaa una bidhaa yake na jina lake linatokana na bidhaa hiyo: mtaa wa fedha, mtaa wa sukari, mtaa wa bati ambako nyundo hazinyamazi mpaka leo. Nyumba zake ni nyembamba mbele, nyingine upana wa mlango na dirisha tu, lakini zinakwenda nyuma na nyuma, duka, ua, jiko, ua mwingine.

Thoa ndiye aliyefungua duka asubuhi, tangu akiwa na miaka kumi na mmoja. Na huko kwao mteja wa kwanza ana uzito kuliko hata kule Kibuye. Akiondoka bila kununua, mwenye duka huwasha karatasi na kuipitisha juu ya mali na mlangoni, ili mkosi umfuate aliyeuleta.

"Lan aliniambia kila kitu tumesimama kwenye mvua," anasema Gertrude. "Mji una miaka zaidi ya elfu moja. Elfu! Wanasema mfalme alihamishia makao yake pale baada ya kuona joka linapaa juu ya mto, na mji ukaitwa hivyo, Joka Linalopaa. Jina la Hanoi lilikuja baadaye sana, maana yake ni ndani ya mito. Nikamwambia, hata sisi Kisumu tunajua maji."

Zilifuata jioni nyingi za namna hiyo, nusu saa nusu saa, kwenye kituo cha basi. Lan alimsimulia Wafaransa waliokuja wakajenga barabara pana na daraja la chuma juu ya Mto Mwekundu. Alimsimulia ziwa lililo katikati ya mji, ambako watu wanasema kobe alitoka majini akamdai mfalme upanga aliokuwa amemwazima. Mwishoni mwa miaka ya hamsini biashara za watu binafsi zilifutwa, duka la Hàng Đào likaingizwa kwenye ushirika, na Thoa akawa karani wa ghala. Hakuwahi tena kupatana bei na mtu mlangoni kwake.

Kisha vita. Kando ya barabara yalichimbwa mashimo ya duara ya kuingia mtu mmoja, yenye vifuniko vya saruji. Lan alikuwa na miaka mitano mabomu yalipoanguka mwaka 1972. Mama yake alimsukuma kwenye shimo, akaketi juu ya kifuniko kwa sababu shimo lililofuata lilikuwa limejaa. Daraja la chuma lilipigwa, likaungwa, likapigwa tena, likaungwa tena. Bado lipo.

Baada ya vita zikaja kuponi na foleni za mchele. Watu walichoka kusimama, wakawa wanaacha tofali folenini, au kofia iliyochanika, kushika nafasi.

Hapo Gertrude alimkatiza. "Ngoja. Au ndara?"

Kwa maana miezi yote ile, kila asubuhi, wahudumu walikuta ndara moja ya Bà Thoa nje ya mlango wa chumba cha kulia. Kila asubuhi mtu aliiokota na kuirudisha chumbani, akisema maskini, amepoteza kiatu tena.

Kujua ni jambo moja. Kesho yake baada ya ile jioni ya kwanza na Lan, Gertrude aliingia chumba namba tisa kama mteja, akapatana bei kwa vidole, akalipa kwa kifungo cha shati. Bà alikitazama kile kifungo, akakirusha ukutani.

Gertrude akatoa sarafu ya peni kumi mfukoni. Bà aliipokea, akaigusisha kwenye paji la uso. Alikula nusu bakuli. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku kumi na tisa.

Aliyeona yote hayo kutoka mlangoni ni Mwadini, mpishi wa nyumba hiyo, mzaliwa wa Zanzibar, aliyekuwa amekuja kuuliza kama trei irudi jikoni.

"Mama Fiona," alisema kwa sauti ya chini, "mie nimefurahi, wallahi nimefurahi. Lakini umempa pesa mkaazi. Unaijua sheria."

Sheria hairuhusu pesa kupita kati ya mhudumu na mzee, hata peni moja. Mtu anaweza kufukuzwa. Kwa Gertrude, kufukuzwa ni kupoteza kibali, na kupoteza kibali ni siku sitini za kutafuta mwajiri mwingine au kufunga mizigo. Fiona alikuwa katikati ya mwaka wa masomo.

"Nilimwambia, kaka Mwadini, sasa nifanyeje? Akaniambia, kwanza huyu bibi umpe uji wa mchele, huu wa shayiri hata mie siupendi. La pili, kamwambie meneja kabla hajaambiwa."

Usiku huo, anasema, aliongea na mumewe. Otieno hakumwambia fanya wala usifanye. Alimuuliza kama shati lake la kazi limekauka, akalipiga pasi.

Meneja wa nyumba anaitwa Tejinder, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, asiyependa maneno mengi. Gertrude alisimama mbele ya meza yake akasema yote mawili. Kwamba ametoa sarafu. Na kwamba maneno ya moto kwenye faili aliyaandika yeye, na amekosea, na anataka kuandika tena.

Tejinder akauliza kitu ambacho Gertrude hakukitarajia.

"Alikupunguzia bei?"

"Ndiyo. Kutoka tano hadi moja."

"Basi umemfungulia," alisema Tejinder. Baba yake, alieleza, alikuwa na duka la vitambaa vya suti Soho Road kwa miaka thelathini. "Kwa lugha yetu mauzo hayo ya kwanza tunayaita boni. Baba alikuwa anamfuata mteja wa kwanza mpaka kituo cha basi. Heri apate hasara kuliko aachwe hivihivi."

Alitoa karatasi, akaandika kibali. Sarafu iwe moja, ya Lan, ikae ofisini, itoke asubuhi na kurudi jioni. Gertrude aandike maelezo mapya na kutia sahihi. Na wakaguzi wakija, alisema Tejinder, utayasema mwenyewe kwa mdomo wako.

Ukaguzi ukawa Jumatano ya mwisho ya Machi. Na siku hiyo, kati ya siku zote, basi la pili la Gertrude liligeuzwa njia kwa sababu ya bomba lililopasuka. Alifika saa moja na dakika ishirini na tano, akihema.

Mwadini alimpokea jikoni mikono kichwani. "Mama Fiona, tumekwisha. Yule mkaguzi amewahi. Ameshaingia namba tisa."

Alikuwa ofisa mmoja, mwanamke kijana mwenye kadi shingoni, mwenye adabu kabisa. Alikuwa ameingia, akasalimia kwa tabasamu, akashika kitambaa, akasifu rangi yake, akakirudisha. Sasa alikuwa amesimama ukutani na kalamu, akitazama karatasi iliyosokotwa ikizunguka juu ya meza na kuelekezwa kwake. Trei ilikuwa imesukumwa. Mizani ilikuwa mlangoni.

Gertrude aliomba dakika tano. Alizungumza bila kusita, anasema, kwa sababu alijua akisita hatamaliza.

"Nilimwambia, madam, maneno ya moto kwenye faili ni yangu. Niliyaandika mimi na si kweli. Huyu ni mwenye duka, na wewe ndiye mteja wake wa kwanza leo, na umerudisha kitambaa bila kununua. Hawezi kula. Lakini hujatoka chumbani bado. Unaweza kurudi kununua."

Ofisa alimtazama Tejinder, aliyekuwa amesimama kando yake. Tejinder alitoa sarafu mfukoni, akampa.

Ofisa alirudi mezani. Alichukua kitambaa kilekile. Bà Thoa, bado amenuna, alionyesha vidole vitano. Na yule ofisa wa watu, ambaye labda hajawahi kupatana bei maishani mwake, akatikisa kichwa kukubali palepale na kuuliza kama anaweza kwenda kuleta sarafu nyingine nne garini.

Bà hakuelewa maneno, lakini uso ule aliuelewa. Alimgeukia Gertrude, akamnyooshea kidole ofisa, akasema kitu, halafu akacheka. Alicheka kwa sauti, mabega yakitikisika, akapiga meza mpaka vitambaa vikaruka. Watu wa chumba namba nane na kumi walikuja kuchungulia.

Mzee Charanjit, mkazi mwenzake aliyekuwa kondakta wa basi enzi zake, alisimama mlangoni na fimbo yake. "Amenunua kwa bei ya kwanza?" aliuliza. "Binti yangu, mwambie amuuzie na kingine, utajiri umekuja!"

Bà alimrudishia ofisa kidole kimoja kimoja mpaka bei ikafika moja. Hakutaka kumwibia. Akapokea sarafu, akaigusisha kwenye paji la uso. Akavuta bakuli la uji wa mchele wa Mwadini, wenye tangawizi na majani ya kitunguu, akalimaliza. Akaonyesha bakuli tupu. Mwadini alikwenda mbio kulijaza.

Mizani ilisoma kilo 42 na nusu.

Maneno ya moto yalifutwa kwenye faili siku hiyo hiyo, kwa mstari mmoja na sahihi mbili. Bà Thoa alibaki. Lan alipopigiwa simu alikuwa anapakua viazi kwa watoto mia mbili, na wenzake wanasema aliweka upawa chini akatoka nje, akarudi baada ya dakika moja akiwa na macho mekundu na kuwapakulia watoto wote zaidi ya kawaida.

Sasa ni Septemba. Bà Thoa ana kilo 47, zilezile alizoingia nazo. Kila mhudumu mpya anayeanza kazi hapa hukaa na Gertrude asubuhi moja, na swali la kwanza kwenye karatasi ya kumpokea mzee sasa ni hili: asubuhi yake ilianzaje, alipokuwa na nguvu?

Ndara nayo haiokotwi tena. Inakaa mbele ya chumba cha kulia, na nyuma yake siku hizi inapangwa fimbo ya Mzee Charanjit, maana na yeye ameona hakuna sababu ya kusimama.

"Mimi nilikuwa nagombana na hicho kiatu," anasema mzee huyo. "Kila siku kiko mbele yangu. Sasa naamka mapema kukishinda. Sijakishinda bado."

Gertrude amepata nafasi ya kusomea uuguzi msaidizi. Masomo yanaanza Januari, siku mbili kwa wiki, na Tejinder ndiye aliyemwandikia barua. Saa moja asubuhi, hata hivyo, ameomba ibaki yake, na amepewa.

Fiona anamcheka. Binti huyo anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. "Mum," alimwambia juzi, "wewe umetoka Kibuye kuja Ulaya kuwa mteja?" Kisha akamsaidia kutafuta kwenye simu bei ya ndege.

Maana Lan anakwenda Hanoi mwaka kesho, mara ya kwanza tangu atoke akiwa mtoto, na Gertrude anaweka akiba kidogo kidogo aende naye kwa siku nane. Lan amemwonya kwamba mji umekua, pikipiki ni kama nyuki, na katika Hàng Đào hariri ni chache, nguo za kisasa ni nyingi. Gertrude anasema haidhuru.

Tunarudi chumba namba tisa saa tatu kasorobo. Bakuli ni tupu. Bà Thoa anakusanya vitambaa vyake, anavihesabu kwa kugusa. Gertrude anapoinama kuchukua trei, bibi anamshika mkono. Anachagua kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri kuliko vyote, anakiweka juu ya kile cha samawati alichomuuzia asubuhi, na kuvisukuma vyote viwili kwake.

Ni nyongeza. Kibuye pia hutolewa, kwa mteja aliyerudi mara nyingi.

Gertrude anakitia kile cheupe kwenye mfuko wa aproni. Hicho, anasema, ndicho atakachosafiri nacho.

"Nitalala karibu na ule mtaa. Nitaamka mapema niwe mlangoni kabla hawajafungua, duka lolote, lile ambalo mwenyewe atakuwa amekaa peke yake," anasema. "Watasema tano, nitasema moja. Tutabishana mpaka tuchoke. Lakini sitaondoka bila kununua."